Karata mpya zinapogoma: dalili, chanzo na marekebisho kwa wanamazingaombwe wa Nairobi

Kifaa kipya cha mazingaombwe hakifai kutoka dukani na kupanda jukwaani siku hiyo hiyo. Karata zimesafiri zikiwa zimefungwa kwenye plastiki, hariri imekunjwa tangu kiwandani, sponji imebanwa mfukoni, na vyote vinakutana na hewa ya Nairobi kwa mara ya kwanza vikiwa mkononi mwako. Ndiyo maana matatizo mengi yanayodhaniwa kuwa ni ya vidole huwa ni ya karatasi, unyevu, mafuta au taa.

Ukitafuta chanzo, badilisha jambo moja, jaribu, ndipo ubadilishe jingine. Ukinawa mikono, ukapaka poda na kufungua pakiti nyingine kwa mkupuo, shida itaisha lakini hutajua kilichoimaliza, na wiki ijayo itarudi. Siri za michezo hatuzifungui hapa. Mwenye kifaa anajua kinafanya nini, na asiyekuwa nacho hana haja ya kujua.

Hakikisha kwanza ulichonunua

Chukua rula. Karata za saizi ya poka zina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88. Za saizi ya briji zina urefu huo huo, ila upana ni milimita 57. Pakiti za bei nafuu mara nyingi huwa za briji, ilhali karata maalumu za mazingaombwe (zenye mgongo pande zote mbili, zenye uso pande zote mbili, zilizo tupu upande mmoja) kwa kawaida huchapwa kwa saizi ya poka. Ukizichanganya, hiyo tofauti ya milimita 6 itakuumbua kabla hujasema neno. Mwenye mikono midogo anaweza kustarehe zaidi na briji, lakini ajue mapema kwamba atapata shida kubwa kutafuta karata maalumu za kuoana nazo.

Jambo la pili ni nyenzo. Karata za plastiki tupu kama za Copag na KEM zilitengenezwa kwa ajili ya meza za michezo: hazinyonyi maji, zinafutika, zinadumu. Kwa kazi yetu zinachosha. Zinateleza, hazikubali kubaki na mkunjo mdogo unaoutaka, wala hazishiki dawa ya kupuliza, ile ya kufanya jozi za karata zitembee pamoja. Tumia karata za karatasi zilizopakwa, kama vile Bicycle, Bee na Tally-Ho. Zote tatu ni za United States Playing Card Company ya Marekani, ambayo tangu 2019 iko chini ya Cartamundi ya Ubelgiji. Ukiinamisha karata hizo kwenye mwanga utaona vishimo vidogo vidogo vilivyokandamizwa kwenye karatasi. Hivyo ndivyo vinavyobeba hewa kati ya karata na karata, na bila hewa hiyo hakuna pepeo zuri, yaani karata zilizofunguliwa mkononi kama upepeo.

Kisha fanya jaribio la tochi. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, uweke tisa ya kopa juu yake, uso ukielekea mwanga. Karata nzuri ni tabaka mbili za karatasi zilizogandishwa kwa gundi nyeusi, kwa hiyo mwanga unaopenya ni hafifu. Linganisha na karata kutoka pakiti unayoiamini. Kama zile kopa tisa unaweza kuzihesabu kupitia mgongo, taa ya nyuma ya jukwaa itawahesabia watazamaji vilevile.

Pakiti bandia za Bicycle zipo sokoni. Mpaka mweupe usiolingana peke yake si ushahidi, kwa maana hata pakiti halali hutoka zikiwa zimekatwa upande kidogo. Tazama dalili kadhaa kwa pamoja: wino uliotawanyika kwenye mistari myembamba ya malaika wanaoendesha baiskeli, uso laini usio na vishimo, kona zisizofanana, na mpangilio. Pakiti halali ya kawaida ikifunguliwa huwa na shupaza kuanzia ree hadi mfalme, uru kuanzia ree hadi mfalme, kisha pao na kopa zikirudi nyuma kutoka mfalme hadi ree, pamoja na jokari mbili na karata mbili za ziada, jumla 56. Ukikuta mpangilio mwingine, ama imeshafunguliwa na mtu au imetoka kwingine.

Zinateleza na kukimbia mkononi

Hii ni hali ya kawaida ya saa za mwanzo. Mpako ni mpya, kingo ni kali. Usizipeleke mbele ya watu, zizoeze kwanza.

Toa jokari na karata za ziada uziweke kando, maana utazihitaji kwa majaribio. Gawa zile 52 mafungu manne. Kila fungu likunje polepole kuelekea usoni, kisha kuelekea mgongoni, mara tano kila upande, bila kufikia kiwango cha kuacha mstari mweupe. Unganisha, halafu changa kwa rifo, yaani gawa pakiti nusu mbili, inua kingo kwa vidole gumba na uziachilie ziingiliane. Fanya hivyo mara kumi migongo ikiwa juu, na mara kumi nyuso zikiwa juu. Usipunje upande mmoja, kwa sababu rifo ya upande mmoja tu ndiyo inayopinda pakiti. Mwisho sawazisha kingo, weka pakiti katikati ya vibao viwili, juu pakae vitabu vizito, uiache hadi asubuhi.

Kama bado zinakimbia, angalia mikono. Wakati wa jua kali la Januari na Februari, na tena kwenye baridi ya Julai, ngozi hukauka na haina mshiko. Paka mafuta mepesi ya mikono nusu saa kabla ya kazi, kisha futa ncha za vidole kwa kitambaa. Mafuta mazito ya mgando usiyaguse siku ya onyesho; yanahamia kwenye karata na kukuletea tatizo linalofuata. Kulamba kidole nako hapana. Watu wanaona, na mate huvimbisha ukingo.

Pepeo linatoka na mafungu

Unafungua karata, tano zinakuja pamoja, linafuata pengo, kisha nyingine nne zimeshikana. Vyanzo ni viwili na vinatofautishwa kirahisi. Toa jokari ambazo hukuzitumia, uziteleze moja juu ya nyingine. Kisha fanya hivyo kwa karata mbili za katikati ya pakiti. Jokari zikiteleza vizuri na zile nyingine zikikwama, ni uchafu wa mikono. Zote zikikwama, ni unyevu wa hewa.

Uchafu wa mikono hapa mjini una majina: soda, chapati, mafuta ya kupaka, na sanitaiza. Hiyo ya mwisho hudanganya wengi. Mikono hujisikia safi na mikavu, lakini sanitaiza nyingi zina gliserini, na gliserini hubaki kwenye ngozi ikinata. Nawa kwa sabuni ya kawaida na maji, kausha kabisa, subiri dakika chache. Karata zilizokwisha kuchafuka unaweza kuzifuta moja moja kwa kitambaa laini kikavu, kile cha kufutia miwani, ila ujue kwamba umeongeza muda tu. Mafuta yaliyoingia ndani ya karatasi hayatoki.

Unyevu ni wa msimu. Kati ya Machi na Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, karatasi hunyonya maji kutoka hewani na kulainika. Weka pakiti ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu pamoja na kile kifuko kidogo cha chembechembe za silika kinachokuja ndani ya viatu vipya. Siku moja inatosha. Usiweke karata juani, juu ya dashibodi ya gari wala karibu na jiko. Joto hukausha upande mmoja haraka kuliko mwingine, na matokeo ni pakiti iliyopinda.

Kuhusu poda. Poda ya pepeo inayotumiwa na wanamazingaombwe ni zinki stearati, na poda ya mtoto haishiki nafasi yake kwa sababu huganda kwenye vishimo. Tia karata tano au sita ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na punje kidogo ya poda, tikisa, kisha futa kila moja pande zote mbili. Fungua dirisha na uvae barakoa, kwa kuwa vumbi lake ni jepesi na si la kuvuta. Na kuna jambo linalosahaulika: poda inafaa kwa pakiti ya madoido tu, ile ya mapepeo makubwa ya jukwaani. Pakiti unayofanyia kazi ya karibu na watu isipakwe, la sivyo kila kinachotakiwa kushikana kitaachana.

Pakiti imepinda na haikai sawa mezani

Ilaze migongo ikiwa juu kwenye kioo au meza laini, uinamishe kichwa uitazame kwa ubavu. Ikiwa katikati imeinuka, karata zimepinda kuelekea usoni. Ikiwa kona ndizo zilizoinuka, zimepinda kuelekea mgongoni. Kujua upande ni muhimu, maana dawa yake ni kufanya kinyume. Kunja mafungu madogo upande wa pili, changa kwa rifo mara sita au saba ukiwa umegeuza pakiti, kisha ibane kwa siku nzima. Klipu ya chuma ya karata ni nzuri, lakini vibao viwili vya emdiefu vyenye ukubwa wa karata na raba bendi pana mbili hufanya kazi hiyo hiyo. Fundi seremala yeyote atakukatia mabaki.

Pakiti iliyopinda kama mpindo wa kijiko, kona mbili juu na mbili chini, imepata maji. Ile haitengenezeki. Ibakize kwa mazoezi.

Tahadhari kwa wanaoshuka Mombasa kwa kazi za hoteli. Nairobi iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, hewa yake ni kavu kuliko ya pwani, na pakiti uliyoizoesha hapa itaanza kujipinda ndani ya saa chache ukiteremka kwenye treni. Beba pakiti zikiwa bado na plastiki yake. Fika siku moja kabla, fungua huko huko, zoeza huko huko.

Faro haiingii

Faro ni kuchanga kwa kufuma nusu mbili za pakiti, karata moja ya huku na moja ya kule. Kugoma kwake ndio ugonjwa unaovunja watu moyo kuliko yote, na mara nyingi si wao wenye makosa. Kisu cha kiwandani hupita karata kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na huacha ukingo wenye mteremko mdogo mno. Pitisha ncha ya kidole kwenye ukingo wa pakiti kutoka mgongoni kwenda usoni, kisha urudi. Upande mmoja utahisi ulaini, upande mwingine mkwaruzo. Karata zilizokatwa kuanzia usoni hufumana kwa wepesi zikiwa zimelala migongo juu, ukianza kufuma kutoka juu kwenda chini. Zilizokatwa kuanzia mgongoni hugoma kabisa kwa njia hiyo. Geuza pakiti yote nyuso ziwe juu, ujaribu tena kwa mkono ule ule. Au acha migongo juu na uanze kufuma kutoka chini. Ikiingia, huna tatizo la ufundi. Una pakiti iliyokatwa upande mwingine, na kwa kawaida italegea ikishatumika.

Kama mwelekeo si tatizo, angalia kingo. Pakiti mpya huwa na nyuzi za karatasi zilizobaki kwenye mkato, unaziona kwa lenzi ya kamera ya simu ukiivuta karibu. Sugua kila ubavu wa pakiti iliyosawazishwa kwa kitambaa cha jinzi, mara ishirini hivi, bila kukandamiza.

Kisha pima kwa namna isiyodanganya. Panga karata 52 kama zilivyotoka kiwandani, kata 26 kwa 26, ufanye faro ya nje, ile inayoacha karata ya juu kabisa juu na ya chini kabisa chini. Faro nane za nje zilizo kamili hurudisha pakiti kwenye mpangilio wake wa mwanzo. Zisiporudi, rudia ukitazama kosa linatokea wapi. Likitokea kila mara kwenye karata ile ile, tuseme saba ya pao, tatizo ni karata: ina kona iliyolala au ukingo uliochanika. Likihamahama, tatizo ni mkono, na hapo ndipo mazoezi yanapoanza.

Mbili zinazokwenda kama moja zinaachana

Kwanza hakikisha pakiti haina poda. Pili, hakikisha karata zote ni za umri mmoja, maana karata mpya iliyo bapa haiwezi kulala sawa juu ya kuukuu iliyopinda. Tatu, ipe pakiti nzima mkunjo mwepesi wa urefu kuelekea usoni, kiasi ambacho anayetazama kutoka mbele hakioni. Mkunjo huo huzifanya zikumbatiane. Zikiendelea kuachana, punguza nguvu ya kidole gumba. Karibu kila mtu hubana zaidi anapoogopa, na kubana ndiko kunakozisukuma.

Mpaka wa mgongo nao una neno. Mgongo wenye mpaka mweupe, kama Rider Back ya Bicycle, hausemi haraka karata moja ikigeuka ndani ya pakiti, kwa kuwa weupe wa mpaka unafanana na weupe wa uso. Bee za kawaida hazina mpaka, mchoro unafika ukingoni, na chochote kilichogeuka kinaonekana papo hapo. Mchezo wako ukitegemea karata iliyogeuka, usichague Bee kwa sababu ya urembo.

Karata maalumu inajitangaza

Umenunua karata moja ya ziada, ukaiingiza kwenye pakiti, na jicho la mtoto wa miaka saba linaiona. Rangi nyekundu ya mgongo hutofautiana kidogo toleo hadi toleo. Weupe nao hubadilika: pakiti iliyotumika miezi miwili imekuwa na kingo za kijivu, na karata mpya ndani yake ni mstari mweupe unaoonekana ukiitazama pakiti kwa ubavu.

Nunua karata maalumu na pakiti ya kawaida kwa wakati mmoja, ulinganishe migongo mchana chini ya kivuli cha nje, si chini ya taa ya duka. Kisha ziingize zote pamoja tangu siku ya kwanza, hata siku ambazo huzitumii, zichakae pamoja. Ukichelewa na tofauti ikawa tayari ipo, ni rahisi kubadilisha pakiti kuliko kuichafua karata mpya. Wanaosugua vumbi au majivu ya penseli kwenye ukingo hupata kijivu kisicho sawa, na kinahamia kwenye majirani.

Pakiti zilizopulizwa dawa ya mkwaruzo

Dalili ni mbili na zinapingana. Ama jozi zinaachana wakati zinapaswa kutembea pamoja, ama zimegandana na hazitaki kuachana ukiziomba. Kuachana kunatokana na vumbi au mpako uliolika. Kugandana kunatokana na unyevu, au pakiti kukaa imebanwa kwenye klipu kwa wiki nyingi. Hizi ndizo karata pekee ambazo hazipaswi kubanwa.

Kwa kugandana, zitenganishe zote, zitandaze kwenye meza kavu kwa saa kadhaa. Kwa kuachana, futa vumbi kwanza na ujaribu. Ikibidi kupuliza upya, tumia vanishi ya kupuliza isiyong'aa inayouzwa kwa wachoraji. Simamisha kopo sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye karata, pitisha mara moja bila kusimama, acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha tabaka la pili jembamba. Puliza zile pande zilizokuwa na dawa tu. Jaribu kwanza kwenye karata za ziada ulizoweka kando. Fanya kazi hiyo nje, na usiifanye siku ya mvua: vanishi ikikauka kwenye hewa yenye maji hupata ukungu mweupe, na kwenye mgongo mwekundu ukungu huo hauna dawa.

Taa nyekundu inafuta kopa na uru

Kumbi nyingi za burudani mjini zina taa za LED zinazobadilika rangi, na hapa pakiti nzuri kabisa inaweza kukuaibisha. Chini ya mwanga mwekundu mtupu, wino mwekundu na karatasi nyeupe huonekana rangi moja. Unamwonyesha mzee wa meza ya mbele malkia wa kopa, naye anaona karatasi yenye vivuli vya mistari myeusi. Sita ya uru inakuwa karibu tupu. Chini ya mwanga wa buluu kinyume hutokea: nyekundu inageuka nyeusi, kopa na shupaza zinabaki kutofautishwa kwa umbo pekee, na mtu wa meza ya tatu halioni umbo hilo.

Fika mapema, mwombe fundi wa taa mwanga mweupe wa joto, wa takriban kelvini 3,000, kwenye sehemu yako, na umwambie wazi kwamba rangi zisicheze unapokuwa na karata mkononi. Asipoweza, beba taa ndogo ya kubana mezani. Na kama huna hakika na ukumbi, panga mchezo ambao karata iliyochaguliwa inakuwa nyeusi. Hilo unaliweza. Nyumbani jipime kwa kufunika taa kwa karatasi nyekundu ya kufungia zawadi.

Sarafu na noti

Nusu dola ya Marekani ina kipenyo cha milimita 30.6, na vifaa vingi vya sarafu vinavyoagizwa vimetengenezwa kwa kipimo hicho. Shilingi yetu yoyote inayotumika ni ndogo kuliko hapo, kwa hiyo kifaa hakitaioana, na hadhira ya Nairobi haiijui ile nusu dola. Ama ueleze sarafu ya kigeni waziwazi na umpe mtu aishike, ama ununue kifaa kilichotengenezwa kwa sarafu ya hapa. Mafundi wa chuma wa Kamukunji wanaweza kukutengenezea mengi ukiwapelekea sarafu yenyewe badala ya mchoro.

Kwa vifaa vya sumaku, kosa la kawaida ni kudhani. Nusu dola hainasi sumaku, lakini sarafu za chuma zilizopakwa nikeli hunasa, na zipo kwenye mzunguko wetu. Jaribu kila sarafu kwa sumaku kabla ya kupanga mchezo. Sumaku kali usiiweke mfuko mmoja na kadi ya benki. Ule mstari mweusi wa nyuma unafutika.

Noti zina tatizo la tarehe. Kifaa cha zamani chenye noti ya shilingi 1000 ya toleo la kale hakina maana tena. Toleo jipya lilizinduliwa Juni 2019 na ile 1000 ya kale ikakoma kuwa pesa halali mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Mtazamaji akiiona anafikiria benki, hafikirii mchezo. Na kuharibu noti kwa makusudi ni kosa la jinai Kenya, hivyo mchezo wa kuchana chagua ule ambao noti halisi haiguswi na mkasi.

Hariri, sponji, kamba, pete

Kitambaa kinachokataa kubanwa na kuwa kidogo si hariri. Chomoa uzi mmoja pembeni, uuchome juu ya sahani: hariri inanuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika kwa vidole, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Fanya hivyo kwa kipande kidogo kabla ya kununua mita nyingi kule Biashara Street au Eastleigh. Hariri mpya yenye rangi kali ifue peke yake kwenye maji baridi hadi maji yatoke meupe, la sivyo nyekundu itaingia kwenye nyeupe siku ya jasho. Pasi iwe ya moto mdogo, kitambaa kikiwa na unyevunyevu, na kingine cha pamba juu yake.

Mipira ya sponji iliyo migumu ikitoka mfukoni iache wazi usiku mmoja, kisha iminye kwa dakika chache. Ikichafuka, maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo; minya, usisokote, anika kivulini. Inayoanza kumomonyoka unga mkononi imezeeka, itupe. Hasa kwenye sherehe za watoto, vipande huishia midomoni.

Kamba ya nailoni ya hadwea inang'aa na kujikumbuka mikunjo. Tafuta ya pamba, milimita 10 hivi, uvute nyuzi za kati zitoke ili iwe laini, na uchovye ncha kwenye gundi nyeupe zisifumuke.

Pete za chuma futa jasho kila baada ya kazi. Pete zilizochomelewa na fundi wa jua kali zikionyesha kovu, piga msasa namba 400, kisha 800, kisha 1200, kabla ya kupelekwa kupakwa kromu. Baada ya kromu umechelewa.

Moto na betri

Karatasi ya kulipuka mwanga ni nitroselulosi. Husafirishwa ikiwa na maji, nayo huwaka ghafla ikiwa kavu. Ikiwaka polepole na kuacha masizi, bado ina unyevu. Tundika vipande vya onyesho moja tu, mbali na jua na moto, hewa iikaushe yenyewe. Usitumie kikausha nywele, pasi wala oveni. Iliyobaki irudishe kwenye maji. Iliyogeuka manjano au kunuka asidi imeanza kuoza na inaweza kuwaka bila kuguswa; iloweshe kabisa, usiihifadhi. Hairuhusiwi ndani ya ndege ya abiria, begini wala mkononi, na usijaribu kuitengeneza nyumbani.

Kifaa chenye taa kikiwa hafifu, pima betri kabla ya kulaumu kifaa. Betri ya CR2032 ni ya volti 3, na LR44 ni ya volti 1.5. Mita ya kupimia unaipata kwenye maduka ya Luthuli Avenue, na ukiwa huko nunua betri zilizofungwa moja moja kwenye kadi yake, si zile zilizomwagwa pamoja kwenye kikopo zikigusana na kumalizana. Futa viunganishi kwa kitambaa chenye spiriti. Hakikisha kifuniko kimefungwa kwa skrubu. Betri hizo bapa zikimezwa na mtoto huunguza koo ndani ya saa mbili, kwa hiyo zihesabu kabla ya sherehe na baada yake. Ikipotea moja na kuna mtoto anayetokwa na mate au kukataa kumeza, apelekwe hospitali wakati huo huo bila kungoja dalili nyingine.